Mwalimu Aliyedai Sentensi Moja

Mwalimu alikuwa hasomi kitu chochote akiwa amekaa. Barua ya shule ya wajukuu, bili ya umeme, tangazo la kanisa, hata maelezo ya dawa ya kikohozi, yote aliyasoma wima, karatasi ameishika mbali na tumbo, midomo ikicheza. Ukimwambia akae, anakuuliza kama unataka asinzie. Nilimfahamu kambini Tanzania, aliponifundisha hesabu na Kiswahili darasa la tano, nikamkuta tena Louisville, Marekani, miaka mingi baadaye, kwenye ghala moja la South End, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa na viatu vizito, anabandika lebo kwenye masanduku. Mimi nilikuwa msimamizi wa mstari wake. Siku ya kwanza aliponiona hakunisalimu kwanza. Aliniuliza kama hatimaye nimejifunza kugawanya.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Nikijaribu, nitakosea, na yeye alichukia makosa kuliko alivyochukia baridi ya Kentucky. Warundi wenzangu wote walimwita Mwalimu, Wakongo wakamwita hivyo hivyo, na Wamarekani nao wakafuata wakidhani ndilo jina alilobatizwa. Hakuwasahihisha, na hilo lilinishangaza, kwa sababu mambo mengine yote aliyasahihisha. Mchungaji akihubiri na kutaja mlango wa tano badala ya wa sita, kikohozi kidogo kilisikika kutoka benchi la tatu. Mchungaji alikijua kikohozi kile. Alikuwa anasimama, anafungua tena Biblia yake, anarekebisha, mahubiri yanaendelea.

Alikuwa na maneno yake mawili matatu, na watu wa ghalani walimwigiza nayo. La kwanza lilikuwa "Nionyeshe mstari." Ukimwambia kuanzia wiki ijayo tutafanya kazi Jumamosi, anajibu, "Nionyeshe mstari," yaani mahali palipoandikwa. Ukimwambia fulani anaachana na mkewe, "Nionyeshe mstari." La pili lilikuwa "Inapita," na hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa niliyowahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Chakula cha harusi kinapita. Kwaya inapita. Binti yake alipohitimu uuguzi, watu wakimlilia shingoni, Mwalimu aliitazama ile diploma mbele na nyuma na kusema inapita.

Msidhani alikuwa mtu wa akili baridi tupu. Mtu huyu aliyetaka kuonyeshwa mstari kwa kila jambo aliamini mieleka ya televisheni asilimia mia. Jumapili baada ya ibada alikuwa anakaa na wajukuu mbele ya runinga, anapiga goti lake kwa ngumi, anamwonya mpiganaji, "Nyuma yako! Nyuma yako, mjinga wewe!" Wajukuu wakimwambia kwa Kiingereza kwamba ni maigizo, babu, wanapanga kabla, anakasirika kweli. Kwanza anakasirika kwa sababu wamemjibu Kiingereza. Pili anasema mtu hawezi kuanguka vile kwa kupanga. Na kuendesha gari alikuwa hajui, ingawa leseni alikuwa nayo. Nilipanda naye mara moja tu, na tangu siku hiyo kila tulipokwenda popote niliendesha mimi.

Niseme sasa habari ya kitabu, maana ndiyo iliyomfanya asemwe kanisani na kazini, na mimi nina sehemu yangu ndani yake.

Kampuni yetu ilikuwa inawauzia wafanyakazi hisa zake kwa bei ya chini kidogo, malipo yanakatwa kwenye mshahara. Wengi wetu tulijiunga bila kujua tumejiunga; kilikuwa kisanduku kimoja kati ya vingi tulivyotia alama siku ya kuajiriwa. Kwa hiyo kila mwezi wa nne bahasha nene ilifika nyumbani kwa kila mmoja wetu. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha mkutano wa wanahisa, na kadi ya kupigia kura yenye namba yako na mahali pa sahihi. Kitabu kinaeleza wakubwa wamelipwa nini na kwa nini, kisha kadi inakuuliza kama umeridhika.

Kambini, karatasi yenye namba yako na mahali pa sahihi ilikuwa na maana moja tu. Usipoirudisha, jina lako linatolewa kwenye orodha, na jina likitoka hakuna unga, hakuna mafuta, na safari ya ughaibuni imekufa. Hofu hiyo tulikuja nayo Marekani. Watu wakaniletea bahasha zao chumba cha mapumziko, kumi na kitu, wote wanauliza swali lile lile: hii ni ya nini, na tukichelewa je? Nilikuwa nimemaliza masaa kumi na mawili, miguu inawaka. Nikawaambia watie sahihi tu, nitazipeleka posta. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Kumbe nyuma ya kadi, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba kadi yenye sahihi isiyo na alama itahesabiwa kuwa umekubaliana na wakurugenzi kwa kila jambo.

Mwalimu alikuja wa mwisho. Naye alikuwa ametoka shifti mbili mfululizo, macho mekundu. Akauliza, "Hii nayo ya nini?" Nikamjibu, "Ya kampuni, Mwalimu. Tia sahihi tu wasije wakakutoa kwenye orodha." Aliegemeza kadi juu ya friji ya soda, akaandika ile sahihi yake nzuri yenye mkia mrefu, akanipa. Mtu aliyetuchapa viboko tukijibu mtihani kabla ya kusoma swali. Wakati ule sikuliona kuwa jambo.

Mwaka uliofuata aliumia mgongo, akapewa wiki tatu za kukaa nyumbani. Alipomaliza Biblia, na magazeti ya binti yake ya uuguzi, akachukua kile kitabu cha mwaka uliopita akakisoma chote, neno kwa neno. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema hakuna kiongozi aliyepewa hisa za zawadi kupita kikomo kilichowekwa na wanahisa. Ukurasa wa hamsini na nane ulikuwa na jedwali, na ndani ya jedwali mkurugenzi mkuu alikuwa amepewa kupita kikomo hicho, tena kwa mbali. Mwalimu alirudia hesabu mara tatu. Kisha akanipigia simu akaniambia nirudie mimi. Nilirudia, nikapata jibu kama lake, na kusema kweli nilifikiri mambo yataishia hapo.

Hayakuishia hapo. Aliiandikia kampuni barua kwa mkono, Kiingereza chake cha kitabuni, kuanzia "Nina heshima kuwajulisha," akaeleza kwamba ukurasa wa thelathini na moja na wa hamsini na nane haupatani, na kwamba anaomba wachapishe sentensi moja: Tulikosea. Walimjibu wakimshukuru kwa kuwa sehemu ya familia ya kampuni, wakamtumia kitabu kingine kile kile. Akaandika tena. Barua ya pili haikujibiwa. Ndipo siku moja kwenye kompyuta ya maktaba akaona tangazo la mawakili wa Columbus, mji ulio na makao makuu ya kampuni, wanatafuta mwanahisa wa kusimama kwa niaba ya wenzake kwenye kesi juu ya kitabu hicho hicho. Akawapigia.

Mawakili hawakumdanganya. Walimweleza kwamba akishinda, hisa zilizozidi zitarudi kwa kampuni, si kwake. Yeye hatapata kitu. Akasema vizuri, lakini ile sentensi je? Wakasema wataidai. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yake: mtu mmoja, mwenye jina, aseme tulikosea. Wengine wote waliokuwa ndani ya kesi ile walikuwa na sababu zao, sizilaumu.

Ilikuwa 2015, Bujumbura imechafuka tena, simu za watu zimejaa video ambazo hutaki kuzifungua na unazifungua. Kanisani tulikuwa tunalia kila Jumapili. Mama mmoja alimwambia Mwalimu usoni kwamba nyumbani watoto wanauawa na yeye anamshitaki Mzungu kwa sababu ya jedwali. Kazini walimhamishia mlango wa malori, kwenye upepo, na hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Mkongo mmoja tuliyekuwa tunakula naye, mtu mwema tu mwenye watoto sita, akamwendea siku hiyo ya kwanza.

"Bon, Mwalimu, hii mambo yako itatuletea matatizo. Boss akikasirika atafunga dépôt. Donc sisi tutaenda wapi?"

"Nionyeshe mstari unaosema atafunga."

"Muzee, hakuna mustari. Mie niko na watoto."

Mwalimu akamwambia, "Hapo umesema kweli." Alirudi kwenye malori yake. Nilimwona mchana ule amechoka namna ambayo sikuwahi kumwona hata kambini.

Siku ya mahojiano ya kiapo niliomba ruhusa kazini, nikamwendesha mpaka Columbus. Mawakili wa kampuni walikuwa na haki ya kumhoji kabla kesi haijafika mbele ya jaji. Tulipokelewa na dada mmoja Mkenya, alikuja kusoma akabaki, sasa ni msaidizi katika ofisi ya mawakili wetu. Alitupeleka kwanza Morse Road kula, mgahawa mdogo ubavuni mwa duka la vyakula vya Kiafrika, wali na nyama na chapati. Mwalimu alikuwa ameshona suti. Aliisoma menyu wima, akamwonyesha mhudumu makosa mawili.

"Sasa Mwalimu," dada akamwambia, "wewe jibu tu swali umeulizwa. Usiongeze story. Wakiuliza yes or no, ni yes or no. Sawa?"

"Mimi siongezi, binti yangu. Kazi yangu yote ilikuwa kupunguza."

Dada alicheka, lakini nilimwona ana wasiwasi. Alimuuliza kama anataka mkalimani, akakataa. Alisema Kiingereza amekifundisha, haiwezekani kimshinde.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na mama mmoja anayechapa kila neno. Mimi niliruhusiwa kukaa karibu na mlango. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mpole kabisa, anasema tafadhali na asante. Alimuuliza Mwalimu habari za kazi, za mgongo, za barua mbili. Mwalimu alijibu kila kitu kwa ufupi, na nikaanza kupumua. Kisha kijana akatoa karatasi kwenye faili akaisogeza mezani polepole. Ilikuwa nakala ya kadi. Mimi niliujua mkia wa ile sahihi hata kabla sijaiona vizuri.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Kabla ya kuitia, ulisoma ukurasa wa thelathini na moja?"

Kesi yote ilikuwa imesimama juu ya jambo hilo. Walalamikaji wanasema ukurasa ule uliwapotosha wapiga kura. Mtu ambaye hakuusoma haukumpotosha. Dada Mkenya aliacha kuandika. Wakili wetu akaangalia jagi la maji. Jibu jepesi lilikuwa "ndiyo," herufi chache tu, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkanusha isipokuwa mimi niliyekaa mlangoni, na mimi nisingesema kitu.

"Hapana," Mwalimu akasema.

"Ulisoma ukurasa wowote?"

"Hapana."

"Kwa nini basi ulitia sahihi?"

"Nilikuwa nimechoka."

Nadhani hata kijana hakulitegemea jibu hilo. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, "Kuna mtu yeyote aliyekushauri uitie?"

Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Nilisikia mashine ya yule mama imesimama, inasubiri. Mwalimu aliinua mkono wake wa kulia.

"Mkono ulioandika ni huu."

"Hilo silo nililouliza, bwana."

"Mimi ni mtu mzima. Hilo ndilo jibu langu."

Kijana alitazama saa, akaenda kwenye swali jingine. Hakulirudia tena.

Njiani kurudi tulipita Cincinnati. Hapo akaanza kunieleza pambano la mieleka la Jumapili iliyopita, nani alimpiga nani kwa kiti. Nilikuwa na saa nzima na zaidi ya kusema, mlango wa gari umefungwa, tuko wawili tu. Ningesema, "Mwalimu, ni mimi." Sikusema. Niliogopa wataniita mimi mezani, niliogopa usimamizi wangu, niliogopa kila kitu. Niliona aibu, na bado nikamwitikia habari za mieleka.

Wiki mbili baadaye dada Mkenya alinipigia mimi, si yeye. "Hawawezi kumtumia tena, pole sana. Lawyers wa kampuni wangesema hafai kusimama for the others. Wamepata pension fund moja, mfuko wa wastaafu, isimame badala yake, kesi itaendelea. Tafadhali umwambie vizuri." Nilimwambia vizuri. Alisema sawa, akaendelea kumenya viazi. Kesi iliendelea bila jina lake, na baada ya muda ikamalizika kwa suluhu: mkurugenzi mkuu alirudisha hisa zilizozidi, mawakili wakalipwa, na kampuni ikakubali kuchapisha aya mpya kitabuni. Kanisani habari ilifika ikiwa imegeuka. Watu walimpongeza kwa utajiri, na kamati moja ya harusi ikamwandikia mchango mkubwa kuliko wa mchungaji. Alitoa kama wengine walivyotoa. Tukamwona mchoyo.

Binti yake alipopata kazi hospitali ya Buffalo, Mwalimu alihama nao. Kwa mwaka mzima tulizungumza kwa simu mara chache, na kila mara niliahidi kwenda. Nilikwenda mwezi wa kumi, kitabu kipya cha kampuni kikiwa kwenye begi langu, kwa sababu alikuwa amenitumia ujumbe kwamba chake hakijafika. Wanaishi North Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, majani makavu yamejaa ngazini. Nilimkuta amepungua. Shingo ilikuwa inacheza ndani ya kola, na mjukuu mkubwa alipomsalimu kwa Kiingereza alimjibu tu kwa Kiingereza. Hilo liliniumiza kuliko shingo.

Tulikunywa chai. Aliuliza habari za ghala, za yule Mkongo, nikamwambia ghala halikufungwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye begi.

"Isome wewe ile aya," akasema. "Mimi nataka kuisikia."

Nikatafuta aya ile, nikamgeuzia Kiswahili kadiri nilivyoweza. Ilisema kwamba, bila kukubali kosa lolote, kampuni inatoa ufafanuzi kuhusu maelezo yaliyopata kutolewa juu ya hisa za zawadi. Ilikuwa mistari minne. Nilipofika mwisho alisubiri, kama kwamba ukurasa unageuka. Nikamwambia hiyo ndiyo yote.

"Nani anasema?"

"Kampuni."

"Hakuna jina la mtu?"

"Hakuna."

"Na walikosea?"

"Hawasemi hivyo. Wanasema wanafafanua."

Alichukua kikombe chake, akakuta kitupu, akakirudisha. Nje jirani alikuwa anakusanya majani kwa reki, kwaa, kwaa. "Miaka mingapi?" Mwalimu akauliza, hakuniuliza mimi, akajijibu kwa vidole. "Mtu mmoja tu. Nilidhani katika watu wote wale atapatikana mmoja."

Hapo ikanitoka. Sikuwa nimepanga, au labda nilikuwa nimepanga kwa maili zote zile za kutoka Louisville. "Mwalimu, ile kadi ni mimi niliyekwambia uitie sahihi. Sikuwa nimesoma kitu. Nikakaa pale mlangoni nikakuacha useme peke yako. Nilikosea."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama dirisha.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Na jina lako."

Nikaanza upya, nikataja jina langu la ubatizo na la nyumbani, nikasema nilichofanya, nikasema nilikosea. Mwalimu akamwita binti yake kutoka jikoni. Akaja akasimama mlangoni, mikono inadondosha maji ya vyombo, anatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Sikiliza hapa," Mwalimu akamwambia. "Amepatikana mmoja."

Nikasema mara ya tatu, mbele ya binti yake, machozi yananitoka bila kificho, na Mwalimu akiitikia kwa kichwa kila neno, taratibu, mpaka mwisho.